Mtoto anapotapika kwenye barabara ya porini: ni gari, mwinuko au kichwa?

Likizo ya Juni ikikaribia, familia nyingi za Arusha, Moshi, Babati na hata Dar es Salaam huanza kupiga hesabu za kwenda Ngorongoro. Huhesabu kiingilio, mafuta, chakula na mahali pa kulala Karatu. Simba naye hakosi kukumbukwa. Watoto huonywa mapema wasipige kelele na wasitoe mikono dirishani. Kinachosahaulika ni barabara yenyewe, na mwili wa mtoto atakayerushwarushwa juu yake kutwa nzima.

Kutoka Makuyuni hadi Mto wa Mbu, kupanda Karatu na kufika lango la Lodoare, safari ni ya lami na watoto husinzia. Baada ya lango mambo hubadilika. Gari linaanza kupanda ndani ya msitu, ukungu unashuka hadi kwenye kioo cha mbele, kona zinafuatana, na upande mmoja kuna bonde. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo kwenda chini ni kama mita 600, kwa mteremko mkali wa Seneto ambao ni wa kushukia tu. Wanaopandia Lerai nao hukutana na kona za kutosha. Ndiyo maana magari yanayoruhusiwa kushuka ni yale yanayosukuma kwa magurudumu yote manne.

Familia inayokwenda mbali zaidi, kupitia Nainokanoka kuelekea kreta za Olmoti na Empakaai, huingia kwenye njia ngumu kuliko hiyo. Mvua ikinyesha udongo hugeuka sabuni, na kiangazi hubaki mashimo na vumbi. Mtandao wa simu huja na kupotea. Mtoto akianza kutapika huko, mzazi hana zahanati ya kukimbilia ndani ya dakika kumi. Inabidi ajue mwenyewe anachokiona.

Jibu la haraka la wazazi wengi ni moja: "Ni gari tu, atazoea." Mara nyingi wanakuwa sahihi. Lakini kwenye barabara ya aina hii kuna sababu tatu za kutapika zinazofanana usoni, na kila moja ina hatua yake.

Sababu ya kwanza: gari

Kichefuchefu cha safari hutokea pale ubongo unapopokea taarifa zinazopingana. Sikio la ndani, ambalo ndilo linalosimamia usawa wa mwili, linaripoti kuwa mwili unayumba. Macho yaliyokazwa kwenye simu au mgongo wa kiti cha mbele yanaripoti kuwa kila kitu kimetulia. Ubongo unachanganyikiwa na tumbo ndilo linalolipa.

Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi. Walio chini ya miaka miwili ni nadra kupata tatizo hili, na hilo ni jambo la kukumbuka: mtoto mchanga akitapika mfululizo njiani, usikimbilie kusema ni gari.

Dalili zake huanza gari likiwa linatembea. Mtoto ananyamaza ghafla, anapauka, anapiga miayo, anatokwa jasho jembamba, mate yanamjaa mdomoni, kisha anatapika. Gari likisimama na akapata hewa, rangi inaanza kurudi, na ndani ya saa moja hivi anaomba biskuti.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Mpe mtoto kifungua kinywa chepesi, kama uji au mkate mkavu na chai isiyo na mafuta mengi, saa moja au mbili kabla ya kuondoka. Chipsi mayai za stendi ya Karatu zisubiri jioni. Mweke mahali ambapo anaona mbele, aangalie mbali, si kwenye simu. Fungua kioo kidogo kama vumbi linaruhusu. Kiti cha nyuma kabisa kilicho juu ya magurudumu ndicho kinachorusha zaidi, kwa hiyo asikae hapo yule mnayejua hutapika.

Dawa za kuzuia kichefuchefu zipo, ila nyingi ni za jamii ya dawa za mzio na huleta usingizi mzito. Promethazini haitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kumkosesha pumzi. Muulize mfamasia kwa kumtajia umri na uzito wa mtoto, na usimpe mtoto nusu ya kidonge cha mtu mzima kwa kukisia.

Beba pia kopo lenye mfuniko au ndoo ndogo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na bahasha ya karatasi haihimili kazi hiyo.

Sababu ya pili: mwinuko

Karatu mjini tayari kuko juu kuliko Arusha. Ukingo wa Ngorongoro uko juu zaidi, na sehemu za juu za ukingo wa Empakaai zinapita mita 3,000. Maradhi ya mwinuko huanza kuonekana zaidi mtu anapovuka mita 2,500, hasa kwa aliyetoka pwani jana yake na kupanda moja kwa moja.

Mtoto mkubwa atasema kichwa kinauma, hana hamu ya kula, amechoka bila sababu. Mtoto mdogo hawezi kusema. Atalialia, atakataa kunyonya au kula, atatapika na hatalala vizuri. Tofauti na kichefuchefu cha gari ni kwamba hali hii haiishi gari likizimwa. Mmeshafika kambini, mmekaa saa kadhaa, mtoto bado vile vile.

Dawa yake kubwa ni kushuka. Kama mtoto amelalamikia kichwa na kutapika huku mko Empakaai, rudini chini, hata kama mlikuwa hamjaliona ziwa lililo ndani ya kreta. Akianza kupumua kwa shida, kupepesuka au kusema maneno yasiyoeleweka, hapo si suala la kusubiri asubuhi.

Kundi moja linahitaji tahadhari ya pekee: watoto wenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo duniani. Baridi, upungufu wa maji mwilini na hewa nyepesi ya juu ni vitu vitatu vinavyoweza kuamsha maumivu makali, na Ngorongoro ya Juni inavyo vyote vitatu kwa siku moja. Usiku wa ukingoni joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu azungumze na daktari wa kliniki yake kabla ya kulipia safari. Mkiruhusiwa, sweta, soksi, kofia na maji ni sehemu ya matibabu.

Vivyo hivyo kwa mwenye pumu. Ukungu wa asubuhi na vumbi la mchana humbana kifua. Dawa yake ya kuvuta ikae mfukoni mwa mzazi, isifungiwe kwenye begi lililoko chini ya mizigo yote.

Sababu ya tatu: kichwa

Hii ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayoweza kuua.

Gari linapita korongo, tairi la mbele linazama, na mtoto aliyesimama juu ya kiti ili achungulie kwenye paa lililofunguliwa anajigonga kwenye chuma. Analia, anabembelezwa, anapewa juisi, ananyamaza. Baada ya nusu saa anatapika. Ndani ya gari kila mtu anasema, "Pole mwanangu, barabara mbaya." Huenda ni barabara. Huenda pia ni ubongo.

Mtoto yeyote aliyegonga kichwa anatakiwa kuangaliwa kwa makini kwa saa 24 za mwanzo na zaidi. Mpeleke hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya: alipoteza fahamu hata kwa sekunde chache, anatapika zaidi ya mara moja, ana usingizi usio wa kawaida au ni vigumu kumwamsha, maumivu ya kichwa yanazidi badala ya kupungua, amepata degedege, mboni za macho hazilingani, damu au majimaji yanatoka puani au masikioni, anatembea kwa kuyumba, au hajitambui kama kawaida yake. Kwa mtoto mchanga, uvimbe laini kichwani, utosi uliotuna au kilio kisichobembelezeka ni sababu tosha ya kugeuza gari.

Usimpe dawa ya kutapika ili safari iendelee. Itamlaza, na usingizi huo utaficha dalili ambayo daktari angehitaji kuiona. Kwa maumivu, parasetamoli kwa dozi ya uzito wake inatosha. Aspirini si dawa ya watoto.

Swali la kujiuliza, basi, ni jepesi na linafaa kukaa kichwani mwa kila mzazi kwenye safari hii: kabla ya kutapika, kichwa chake kiligonga popote? Kama hujui kwa sababu ulikuwa unapiga picha, waulize ndugu zake. Watoto huona vitu ambavyo watu wazima hawakuona.

Mikono ya mama haishiki

Ajali nyingi za vichwa njiani zinazuilika kabla gari halijatoka Karatu. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na kwamba kiti maalumu cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa hadi asilimia 71.

Bado desturi ni ile ile: mtoto anapakatwa. Mama anaamini atamkumbatia gari likiyumba. Hawezi. Mtoto wa kilo 10, gari likigonga na kusimama ghafla, huvutwa mbele kwa nguvu ya mamia ya kilo. Hakuna mkono wa binadamu unaoshika uzito huo. Kumfunga kwa kanga kifuani au mgongoni hakusaidii. Kwenye kishindo, mwili wa mzazi ndio unaombana. Kufunga mkanda mmoja juu ya mzazi na mtoto kwa pamoja ni hatari kwa sababu hiyo hiyo.

Wapo wanaosema gari la porini haliendi kasi, kwa hiyo mkanda si lazima. Mwendo ni mdogo kweli, lakini gari huinama, huruka na linaweza kulala ubavu kwenye utelezi. Kwenye kupinduka, aliyefungwa mkanda hubaki kwenye kiti. Asiyefungwa hurushwa juu ya wenzake, au nje ya gari.

Unapokodi gari, uliza mambo manne kwa simu kabla ya kutuma malipo ya awali. Kila kiti kina mkanda unaofanya kazi? Ni mkanda wa kiunoni tu au na wa begani? Wana kiti cha mtoto, au cha kwako kitafungika? Dereva ameshaendesha njia hiyo wakati wa mvua? Mwenye gari akijibu, "Usijali dada, tunaenda taratibu," hilo halijajibu hata swali moja.

Mtoto mkubwa kidogo ambaye hajafika urefu wa sentimita 135 anahitaji kiti cha kumwinua ili mkanda upite begani, si shingoni. Kama gari lina mkanda wa kiunoni tu, uvute ushuke kwenye nyonga, usipite tumboni. Jokofu la vinywaji, jeki, beleshi na tairi la akiba vifungwe imara, kwa sababu gari likipinduka kila kisichofungwa hugeuka kombora. Paa lifunguliwe gari likiwa limesimama kabisa, na watoto wakae chini ndipo dereva aondoe gari.

Hapa ndipo ujasiri wa mzazi unapopimwa. Akina mama wengi huona aibu kumwambia dereva aliyezoea njia apunguze mwendo au asimame, hasa wakwe na shemeji wakiwa ndani ya gari. Sentensi fupi inatosha: "Kaka dereva, naomba tusimame, mtoto hajafunga mkanda." Dereva mzuri hatakasirika. Anajua kuwa mtoto akiumia, lawama itamrudia yeye.

Gari likikwama

Mwezi wa Aprili, na hata mvua za Novemba na Desemba, kukwama kwenye tope ni jambo la kawaida. Haraka ya wanaume ni kushuka wote na kusukuma. Ngorongoro si shambani. Kwenye msitu ule kuna nyati na tembo, na hairuhusiwi kushuka hovyo. Watoto wabaki ndani mpaka dereva au askari wa hifadhi aseme ni salama.

Zipo hatari mbili ambazo hazina pembe wala meno. Ya kwanza ni moshi. Bomba la moshi likizikwa na tope huku injini inanguruma na vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi, moshi wenye sumu usio na harufu unaweza kuingia ndani. Watoto wataanza kuumwa kichwa, kusinzia na kutapika, na mtadhani ni uchovu. Zima injini, fungua vioo, wafunike kwa blanketi. Ya pili ni kamba au waya wa kuvutia gari. Ukikatika, hurudi kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Gari linapovutwa, asiwepo mtu kando ya waya huo wala mtoto wa kuchungulia.

Maji ya kunywa yasiwe ya kuhesabu. Baadhi ya wazazi huwanyima watoto maji ili wasiombe kujisaidia porini. Matokeo yake ni kichwa kuuma na mkojo wa njano iliyokolea. Ndani ya kreta kuna vyoo kwenye maeneo ya kupumzikia ya Ngoitokitok na Lerai. Panga mapumziko kwa kufuata hivyo, na beba pakiti kadhaa za chumvi chumvi ya kuongeza maji mwilini.

Wanaopita njia hiyo bila hiari

Kwa familia ya mjini, barabara ya Nainokanoka au Endulen ni kumbukumbu ya likizo. Kwa mama mjamzito anayeishi huko, ndiyo njia ya kwenda kujifungua. Yeye hachagui msimu wala gari, na wakati mwingine chombo kinachopatikana ni bodaboda.

Ndiyo sababu namba 115 inafaa kuandikwa ukutani katika kila nyumba ya ukanda huo. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, unaowasafirisha wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga wanapopata dharura. Gari la wagonjwa likiwa mbali, mfumo huita dereva wa jamii aliyesajiliwa, na familia haimlipi.

Namba pekee haitoshi pale mtandao unapokatika. Familia ijue mapema ni kilima gani simu inashika, ni jirani gani ana gari, na nani atabaki na watoto. Mama ambaye mimba yake ina hatari asogee karibu na hospitali wiki kadhaa kabla ya tarehe yake, iwe Endulen au Karatu. Njiani alale kwa ubavu wa kushoto pakiwezekana. Akiketi, mkanda upite chini ya tumbo, juu ya nyonga. Kutokwa damu, chupa kupasuka, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, au mtoto kuacha kucheza tumboni ni dalili za kupiga simu sasa hivi.

Na kwa mjamzito anayefikiria kwenda kutalii: mimba changa yenye matapishi tayari itateseka kwenye kona zile, na mimba ya miezi ya mwisho haifai kuwa saa tatu mbali na chumba cha upasuaji. Kreta itamsubiri.

Mkisharudi nyumbani

Safari haiishi begi likifunguliwa. Kama mlipita Mto wa Mbu, Ziwa Eyasi au mkavuka kuelekea Serengeti, homa yoyote ya wiki tatu zinazofuata ipimwe. Mwambie mhudumu mlikokuwa. Malaria itapimwa kwanza, lakini mtoto aliyeumwa na mbung'o akabaki na kidonda kilichovimba na homa anahitaji kuchunguzwa malale pia. Mhudumu wa Dar es Salaam hatawaza ugonjwa huo usipomtajia Serengeti.

Mwisho, kabla hamjaliacha lami hapo Lodoare, fanyeni kitu cha dakika mbili. Kila mtoto avute mkanda wake mwenyewe mpaka usikie mlio wa kufunga. Mhesabu kwa sauti, mmoja mmoja. Halafu ndipo dereva aingize gia.